Herufi ya Tatu kwenye Mlango wa Datsun

Kicheko. Kati ya sauti zote za utoto wake, hicho ndicho Nasambu alichobaki nacho: kicheko cha watu wengi kwa pamoja, kikitokea mbele ya duka moja mjini Kitale, asubuhi ya mbio za magari. Yeye alikuwa mtoto wa darasa la pili, ameketi nyuma ya duka juu ya debe, akilinda makopo ya rangi. Hakuona kilichochekwa. Alimwona tu baba yake, Makokha, akija kwa hatua ndefu, kofia ameikunja mkononi. Makokha alibeba makopo bila kuyafunika vizuri, akamshika mtoto, wakashika njia ya kurudi Bungoma. Rangi nyekundu ilimdondokea kwenye suruali na hakuinama kuifuta.

Makokha alikuwa mwandishi wa mabango, na madereva wa mbio walimwita kila msimu awaandikie namba na majina milangoni. Baada ya asubuhi ile hakuandika tena gari la mashindano. Aliyemuuliza aliambiwa macho yamechoka. Macho hayohayo yaliendelea kuandika maduka na shule mpaka alipozikwa.

Nasambu alirithi brashi, na pamoja na brashi akarithi shaka. Leo ni mjane mwenye kibanda cha kazi karibu na soko la Bungoma, na binti yake Nabwile ameolewa Cheptais. Huandika bucha, makanisa na vinu vya kusaga mahindi. Mletee kopo la rangi, atalitikisa kwanza sikioni kama anayenunua yai. Mchungaji akisema tufumbe macho tuombe, yeye hufumba moja. Jina la mteja haliandiki kwa kulisikia tu. Mwenyewe sharti aliandike kwa chaki ukutani, kisha Nasambu alisome kutoka mwisho kuja mwanzo, herufi moja moja, ndipo achovye brashi. Baba alimfundisha hivyo bila kumwambia sababu. Katika mji ambao gari huweza kuwa gali na karibu ikawa kalibu, hakuna bango lake lililowahi kurudishwa. Hata ulimi wake aliutia adabu, mpaka watu wakamtania kwamba anaongea kama redio.

Na kundi la watu likicheka barabarani, yeye hutua brashi na kugeuka kuona nani anachekwa.

Basi Wangila alipokuja na habari ya Kitale, alimsikiliza mikono ikiwa kiunoni. Wangila ni fundi wa magari, kijana wa Bungoma anayefanya kazi Kitale kwa Sukhwinder, mwanamke Mkalasinga mwenye duka la vipuri. Alieleza kwamba gari la marehemu baba yake Sukhwinder, Datsun la mbio, limefufuliwa. Litaingia kwenye mashindano ya magari ya zamani, na huko wakaguzi hawana mchezo. Kabureta iwe ya miaka ile, taa za miaka ile, hata mkanda wa ngozi wa kufungia boneti. Stika hawataki kuziona. Maandishi ni ya brashi, kama zamani, na Sukhwinder anamtaka mtoto wa Makokha.

"Marehemu aliitwa nani?" Nasambu aliuliza, ingawa moyo ulikuwa umeshamjibu.

"Darshan."

"Na nani amemwambia huyo mama kwamba mimi ni mtoto wa Makokha?"

"Si ni mimi, Mama Nabwile. Ama ni siri? Ni gali tu, bana, si kesi ya mauaji."

Nasambu hakucheka. Maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba Darshan alimfanyia baba yake jambo mbele ya watu, jambo baya kiasi cha mtu mzima kutosema. Alifunga brashi zake kwenye kitambaa. Hakwenda Kitale kuandika. Alikwenda kumkamata mtu.

Datsun lilikuwa uani, nyuma ya duka, jeupe na boneti nyeusi. Wangila alilizunguka kama bwana harusi. Alimwonyesha taa nne za mbele zilizoanza kuwa na umanjano, vitasa, bampa iliyonyooshwa kwa nyundo kwa sababu mpya ingekataliwa. Honi aliitafuta mpaka Kachibora, akaipata kwenye trekta la mtu. Nasambu aliitikia kwa pua. Alikwisha kusikia habari za watu wanaookota vyuma huku na huku, wakaviunga, wakaapa kwamba gari ni lilelile la fulani. Alikagua bawaba za milango. Alipapasa nyuma ya matairi akanusa vidole.

"Ukimaliza kunusa utaniambia kama imeiva," Wangila alisema.

Sukhwinder alitoka dukani akiwa na chai. Alikuwa mdogo wake kwa miaka michache tu, nywele zimeingia mvi, miwani imening'inia kifuani. Alimsalimu kwa heshima, akamwita fundi, akamshukuru kwa kuja. Nasambu aliipokea chai, akaiweka juu ya tofali, na pale juu ya tofali ikapoa.

Mlango wa dereva ulikuwa haujaguswa. Weupe wake ulikuwa umechakaa, na juu yake jina jekundu: DARSHAN. Nasambu alichuchumaa. Ile S aliijua. Shingo yake ilipinda kidogo kuelekea mbele, kama mtu anayeinamia kisima. Ilikuwa S ya baba. Na ile H, na zile A mbili zenye mapaja mapana. Macho yaliendelea na kazi yake, na yalipofika herufi ya tatu yakasimama. Mguu wa ile R ulikuwa mkavu, hauna pumzi. Chini yake palikuwa na kiraka cheupe kuliko weupe wa mlango.

Akainuka.

"Mama," alisema, "huu mlango umechezewa. Herufi hii baba yangu hakuiandika."

"Najua," Sukhwinder alijibu.

Nasambu alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Neno lile lilimtia wasiwasi zaidi. Sukhwinder aliingia ndani, akarudi na picha ndani ya fremu. Ilikuwa ya asubuhi ya mbio zile. Darshan, kilemba chake cheupe, ameegemea gari mbele ya duka, na mlangoni jina linasomeka wazi kabisa: DALSHAN.

Sukhwinder alieleza taratibu. Makokha alifika alfajiri, akatajiwa jina, akaliandika kama alivyolisikia. R ililetwa miaka mingi baadaye na baba yake mdogo, alipotaka kuliuza gari na kuogopa aibu, akamwita mwandishi mwingine. Sasa wakaguzi wameiona picha. Wanasema gari liwe kama lilivyokuwa siku ya mbio, na siku ya mbio lilikuwa na L.

Kwa hiyo hilo ndilo nililoitiwa, Nasambu aliwaza. Mtoto wa aliyekosea aletwe akosee tena, watu wapate kucheka mara ya pili. Alimtazama Wangila. Wangila alikuwa anafuta taa ambayo ilikuwa safi tayari.

"Picha siku hizi zinatengenezwa kwa simu," alisema.

"Basi mlango utasema wenyewe," Sukhwinder alijibu. "Lakini sitaki mkono mwingine uuguse. Ndiyo maana nimekuita."

Nasambu alidai thina ya kulainishia rangi na kitambaa cha pamba. Thina aliinusa, akamwaga matone machache, akagusa kile kiraka cheupe pembeni kabisa, akangoja. Rangi ya baadaye ililegea upesi. Aliisogeza kidogo, akageuza kitambaa, akaisogeza tena. Chini yake, kwenye weupe wa kale, ukatokea mstari mwekundu umelala, umekomaa kama mfupa. Wayo wa L. Mwisho wake ulikuwa na kile kipindo kidogo ambacho baba alikitia kila alipoinua brashi, na hakuna mwandishi mwingine aliyejua kukitia.

Ilikuwa kweli, basi. Baba alikosea. Zile chaki zote ukutani, majina yote yaliyosomwa kinyumenyume, vilianzia hapa. Alikuwa amelelewa ndani ya kosa hili kama mtoto anayelelewa ndani ya nyumba asiyoijua mjengaji wake.

Kitambaa kilikuwa bado mkononi, kimelowa. Akikaza mkono kidogo tu, wayo ule ungekwenda na maji. Angesema thina ilikuwa kali. Wangila asingeweza kubisha, na picha ingebaki picha. Kosa la Makokha lingefutika duniani, na lingefutwa na mwanawe. Sukhwinder aliuona ule mkono. Hakusogea.

"Alicheka?" Nasambu aliuliza. "Baba yako. Siku ile."

Alimtazama usoni. Alijua angesikia nini: hapana, mama, hakuna aliyecheka, tulimheshimu sana mzee. Akisikia hivyo tu, angekaza mkono.

"Alicheka," Sukhwinder alisema. "Alicheka mpaka akajishika tumbo. Wote walicheka. Hata mimi nilicheka, na sikujua kusoma."

Wangila aliacha kufuta taa.

"Halafu?"

"Halafu baba mdogo akataka lifutwe. Baba akakataa, akasema rangi bado mbichi na saa imefika. Akaondoka nalo hivyohivyo mpaka Cheptais na kurudi. Alimaliza karibu wa mwisho, bampa imekunjika. Kuanzia hapo marafiki zake walimwita Dalshan, naye akaitika. Mama alimwita hivyo mpaka hospitalini." Alivaa miwani, akaivua. "Baba alituma watu Bungoma kumtafuta mzee. Wakaambiwa hayupo."

Nasambu alikumbuka wanaume waliowahi kuja nyumbani na baba akapitia mlango wa nyuma. Aliwadhani ni wadai. Aliigeuza habari hiyo moyoni kama anavyogeuza kopo sikioni. Haikuwa na ushahidi. Mtu anaweza kutunga mambo ya hospitalini. Lakini anayetunga hasemi nilicheka. Anayetunga huanza kwa kujifuta yeye.

Aliweka kitambaa chini, mbali na mlango.

Kisha akafungua brashi zake, akachagua ile nyembamba kuliko zote. Kwanza aliiondoa R kwa ncha ya kitambaa kingine, polepole, mpaka ikabaki nguzo iliyosimama ya herufi ya baba. Pale wayo ulipokuwa umechubuka alichanganya nyekundu na tone la kahawia ili isizidi wenzake kwa upya, akagusa, akainua, akagusa. Hakuandika kwanza kwa chaki. Alasiri ilikwenda. Wangila alileta stuli. Sukhwinder alikaa kwenye ngazi ya duka, na Nasambu, kila baada ya kuchovya, alimtupia jicho kuona kama mdomo wake unacheza. Haukucheza.

Alipomaliza alirudi nyuma mpaka ukutani, akafuta mikono. Herufi zote zilikuwa za mkono mmoja. Wangila aliinama mlangoni, akakuna kichwa, na kwa mara ya kwanza akamgeukia bila utani.

"Sasa Mama Nabwile, wakaguzi wakiuliza, hili jina tunalisomaje?"

Nasambu alilegeza ule ulimi wake wa redio, akasema kwa sauti ndogo, karibu ya kujisemea:

"Dalshan."