Bukuru ni Jina Langu Pia

Jamani, niliwahi kupigishwa magoti kwa sababu ya jina la baba yangu!

Kasulu, miaka ya tisini, tunajaza fomu za mtihani wa darasa la saba. Mwalimu akasoma yangu, akaguna.

"Bukuru? Diwani ni Bukuru, daktari ni Bukuru. Wewe mtoto wa mkimbizi umelitoa wapi? Futa!"

Nikasimama.

"Sifuti, mwalimu. Kwetu pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Bukuru, na baba yangu ndiye aliyetangulia."

Mwalimu akanionyesha mlango: "Nje, piga magoti!"

Nilipiga magoti kwenye changarawe mpaka saa saba mchana. Mara tatu alinijia na kifutio. Mara tatu nikakataa.

Cheti kilipotoka, kiliandikwa Bukuru.

Wewe je, ungefuta?