Bolti Yenye Rangi ya Kucha

Leo sijafungua gereji yangu ya Kasulu, na sijui nitarudi huko na uso gani. Siku mbili nilipambana na gia iliyogoma kutoka kwenye injini ya pikipiki ya Mama Neema, muuguzi wa Buhigwe. Nikapaka grisi, nikachoma moto, nikagonga nyundo, wapi!

"Mama, aliyefunga injini hii alikuwa mlevi," nikasema. "Gia kaichomelea!"

Nikagonga kwa hasira, gia ikang'oka meno.

Mama Neema akainama, akafuta grisi yangu kwa ncha ya kitenge. Chini yake kulikuwa na bolti inayoshikilia gia, imepakwa rangi nyekundu ya kucha.

Mafundi wenzangu pale gerejini wakaangua kicheko. Rangi ile ni ya mke wangu. Kila bolti ninayoikaza naipaka, watu wajue kazi ni ya nani.