Kodi ya Nyama ya Jicho

Jicho langu la kushoto lilinilia dola mia tatu na arobaini. Nimehesabu mara mbili, na kodi ya nyama imo ndani.

Ndilo jicho langu zima. La kulia lina ukungu tangu surua ya utotoni. Kwenye weupe wa hili la kushoto kiliota kinundu cha waridi, kidogo kama punje ya mtama. Katika soko la Kadutu, nilikouza vitenge, kila mtu alikuwa muganga: vumbi, moshi wa makala ya kupikia, wivu wa jirani. Muuguzi mmoja wa mtaa wa Cimpunda aliniuzia matone, akanituliza kwamba kansa ya jicho huwa nyeusi. Nikamwamini, kwani hata mimi ninaishi kwa kuamini rangi. Kinundu kikakua.

Daktari wa macho alikitazama sana, akasema huenda ni kansa ileile, ila imekosa rangi. Alitaka kulitoa jicho lote kabla haijasambaa. Nikauliza bei ya kukata kinundu peke yake. Akasema hapa si sokoni. Nikamujibu kwamba hata sokoni hatununui gunia bila kulifungua. Mwishowe akakubali: atakata kinundu, kipimwe ng'ambo ya mto Ruzizi, nje ya nchi, ndipo tuzungumze juu ya jicho. Hapa mjini, vita ilikuwa imewatawanya wapimaji.

Kilipokatwa, nikakibeba mwenyewe ndani ya kichupa, bandeji usoni, nikiona kwa ukungu wa jicho la kulia. Kwenye bariyeri iliyofunga njia ya mpakani mwanajeshi akauliza kuna nini humo.

"Nyama," nikasema, maana ndivyo nilivyozoea kukiita.

"Nyama inalipa kodi, maman."

"Hii iko nyama ya jicho yangu."

Akatazama kichupa, akatazama bandeji. Nilidhani ataona haya.

"Basi lipa nusu."

Nikamuuliza kilo ya ng'ombe inalipa ngapi, tuigawe mpaka ifike punje ya mtama. Mwenzake akacheka hadi akaegemea ukuta. Nikalipa faranga mia, nikadai risiti. Sikupewa.

Jibu lilikuja: kansa, isiyo na rangi, lakini kingo za kipande ni safi, yaani imekatwa yote. Jicho likabaki kwangu, nikarudi kwenye vitenge.

Mwezi huu pamevimba tena, waridi ileile. Daktari anasema safari hii hapunguzi kitu: jicho lote. Mimi sijasema ndiyo. Ninyi munaosoma, kama kwenu kuna mtu aliyekatwa mara ya pili na bado anaona, munielezee alikatwa wapi. Mashauri ya kuvumilia ninayo ya kutosha.