Siku Niliyolala Mpaka Saa Tatu

Mjukuu wangu mkubwa, yule wa chuo kikuu, alirudi kutoka pwani akanionyesha picha kwa simu. Nasema wa chuo kikuu, na nitasema tena, kwa sababu mimi niliachia darasa la nne na wa kunizuia kujigamba bado hajazaliwa. Alikuwa ameenda peke yake siku nne. "Tripu ya solo, shosho," akaniambia. "Nimejifunza kukaa na mimi mwenyewe." Picha zilikuwa zaidi ya mia. Yeye amelala kwa mchanga. Yeye anachekea dafu. Yeye anaangalia mbali kama mtu anayewaza mambo mazito, na mimi ninamjua, alikuwa anawaza chipsi.

"Na hizi picha alipiga nani?"

"Watu tu, shosho. Unaomba mtu anakupiga."

"Watu mia?"

"Shosho, wacha hizo."

"Nauliza tu. Kama kulikuwa na watu wote hao wa kukupiga picha, ulikuwa peke yako saa ngapi?"

Alicheka mpaka akaanguka kwa kochi. Halafu akanirudishia, maana mdomo ameutoa kwangu: "Na wewe? Ulishakaa peke yako hata siku moja?"

Nilikulia kitanda kimoja na dada zangu wanne. Nikaolewa, nikakuta nyumba ina mama mkwe, shemeji wawili na mbuzi mgonjwa aliyelazwa jikoni. Nikazaa sita. Hata chooni nilienda na mmoja mgongoni, na mwingine nje akigonga mlango akiuliza natoka lini. Kisha watoto wakaenda zao, mzee wangu akafariki, na nyumba yangu ya Waithaka, pembeni mwa Nairobi, ikanyamaza. Sitadanganya, niliogopa. Niliwasha redio mbili, moja sebuleni na nyingine chumbani, stesheni tofauti, ili zibishane kama watu wa nyumba. Githeri, mahindi na maharagwe, nilipika kwa sufuria ile kubwa, nikaila siku nne.

Watoto wangu wakaketi kikao juu yangu, kama mimi ni shamba. Wakaamua niende Lavington kwa binti yangu wa pili, aliyejaliwa. Ana nyumba ndani ya ukuta, na nyuma ya nyumba ana chumba chenye choo chake.

"Mami, upweke unaua," akaniambia. "Kwangu utakuwa na watu. Mapacha wanakuuliza kila siku."

Mapacha wana miaka miwili. Wanachouliza ni maziwa.

Lavington naijua vizuri. Kabla huyo binti hajazaliwa nilifua nguo huko miaka sita, nikilea watoto wa wenyewe, nikilala chumba cha nyuma chenye choo chake. Juzi tu nilipomtembelea, askari wa geti alinitazama kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu akasema, "Mama, kama ni kazi, waliandika mtu jana." Nikamwambia mwenye hiyo nyumba nilimpangusa matako mimi. Alifungua geti mbio.

Lakini sikuwaambia watoto wangu la. Niliwaambia wanipe mpaka Pasaka, kwa sababu kusema kweli sikujua. Kama siwezi kukaa na nafsi yangu bila redio mbili, basi walikuwa na haki, nifunge virago nikazeeke nikipangusa makamasi. Na kama naweza, hakuna wa kunibandua Waithaka. Njia ya kupima niliyoiona ni ile ya mjukuu, kusafiri peke yangu. Pwani ilikuwa mbali. Nilianza na mjini.

Msicheke. Nimekaa Nairobi zaidi ya miaka hamsini, na mjini sijawahi kwenda bure. Unaenda kununua yunifomu, unaenda hospitali, unaenda kugombana na mtu wa ofisi. Kwenda mjini bila shida yoyote ni safari ya mbali kabisa.

Safari ya kwanza ilikuwa Jumanne. Mpangaji wangu mmoja wa vyumba vya nje, mama wa kutoka Machakos anayeuza mboga ya sukuma hapo getini, aliniona nimevaa koti la kanisani.

"Ai, shosho! Leo mmezika nani?"

"Hakuna. Naenda kutembea."

"Na nani?"

"Na mimi."

Alisimamisha kisu katikati ya sukuma. "Umejipaka mafuta mpaka viwiko halafu unaniambia unaenda na wewe. Huyo mzee akiwa na ndugu, unikumbuke."

Nilifika Uhuru Park, nikatafuta benchi chini ya kivuli, nikafungua kiondo. Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Nilikuwa nimebeba chupa kubwa ya chai, chapati kumi na mbili, na vikombe sita. Sita! Mikono yangu haijui kufungasha ya mtu mmoja. Na Nairobi ukikaa na vikombe sita umeita watu. Alikuja kwanza mpiga picha wa bustanini, akasema miguu inamuuma. Kikombe. Wakaja wasichana wawili waliotoka kutafuta kazi. Vikombe viwili. Akaja mhubiri mwenye Biblia na spika begani, akaniuliza kwa nini mama wa umri wangu amekaa peke yake, na mimi wakati huo nimezungukwa na watu watatu wanaotafuna. Aliniwekea mkono kichwani akaikemea roho ya upweke kwa sauti, na kwa mkono ule mwingine ameshika chapati yangu.

Kufika saa sita nilikuwa nimefungua hoteli. Nikarudi nyumbani nimechoka kama nimetoka harusini, nikawasha redio zote mbili.

Safari ya pili sikubeba hata kijiko. Niliingia hoteli moja mjini, sio ya vioo, ile ya meza za plastiki na harufu ya maini. Mhudumu akapanguza meza.

"Mko wangapi, shosho?"

Jamani, swali dogo kama hilo. Watu walikuwa wameanza kunitazama, au mimi nilidhani hivyo. Nikasema, "Mzee anakuja."

Sijui ulimi uliyatoa wapi. Mzee yuko kaburini mwaka wa tatu. Lakini yule kijana aliniamini, akaleta vikombe viwili vya chai ya maziwa na sahani mbili za maini, akavuta na kiti cha pili akakigeuza vizuri, kikae tayari kwa mtu. Kila akipita anauliza, "Bado tu?" Nami namjibu, "Ako njiani." Mwanamume mmoja alitaka kukichukua kile kiti, mhudumu akamkataza: "Hapo pana mwenyewe."

Nikakaa nikikiangalia. Huyo mtu nilimngoja mezani miaka arobaini na tano. Alikuwa mtu mzuri, hakunipiga, hakunywa sana, lakini saa hakuijua. Chakula kilipoa, nikapasha, kikapoa tena, watoto wakalala na njaa kwa sababu baba hajafika. Na sasa amekufa, ana sababu ya maana kabisa ya kutokuja, na bado mimi nimekaa namngoja na maini yanaganda mafuta.

"Kijana," nikaita. "Toa hicho kikombe."

"Mzee amechelewa sana?"

"Sana. Na hii chai ya maziwa toa pia. Niletee strungi."

Strungi ni chai kavu, ya maji na majani, ambayo kwetu mgeni akipewa anajua hatakiwi. Sikuwa nimepanga kuiitisha. Ilinitoka tu. Nikainywa ikiwa moto, na tangawizi, na ndipo nikagundua, katika umri huu, kwamba sipendi maziwa kwa chai. Maziwa aliyapenda yeye. Mimi nilikuwa nakunywa kilichobaki kwa sufuria. Nikala maini yangu, kisha nikala yake. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikawasha redio moja, nikaizima kabla ya taarifa ya habari.

Safari ya tatu ndiyo iliyoleta kelele. Zilikuwa zimebaki siku tatu Pasaka ifike. Nilitaka kujua kama naweza kulala. Mchana kila mtu ni shujaa. Nikachukua chumba kwa hoteli moja ya mjini, ghorofa ya nne. Msichana wa mapokezi alikuwa na kope ndefu kama ufagio.

"Shosho, chumba ni cha nani?"

"Changu."

"Na nani?"

"Nchi hii ina swali moja tu?"

"Ni sheria, shosho." Akanisogezea kitabu. "Na unipee namba ya mtu wenu. Ikitokea chochote."

Hapo ndipo nilipokosea. Namba ninayoijua kwa kichwa ni ya huyo wa Lavington. Nikaiandika.

Chumba kilikuwa na kitanda, kiti na dirisha. Nilivua viatu. Jioni ilipofika nikavuta kiti dirishani, na chini barabarani watu wakaanza kukimbia kwenda nyumbani, wanawake wenye mifuko, miguu inawaka, kila mmoja anajua kuna mlango mahali fulani na nyuma yake kuna mtu anauliza tunakula nini. Nilikimbia hivyo maisha yangu yote. Sasa nimekaa juu, nakula mkate na mayai mawili ya kuchemsha, makombo yanaanguka kitandani, na hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi. Niliwahurumia kidogo. Nitakuwa mkweli, nilifurahi zaidi kuliko nilivyowahurumia. Nikazima simu ili niwafurahie vizuri. Redio haikuwepo na sikuikumbuka mpaka nilipofumba macho.

Mimi huamka saa kumi na moja. Jogoo wa Waithaka husubiri nikohoe kwanza. Hata siku ya mazishi ya mzee niliamka saa kumi na moja. Kwa hivyo niliposikia mlango unagongwa kwa ngumi nilijua ni usiku bado na pana moto. Nikafungua, kichwa wazi, nywele zangu zimesimama.

Kumbe ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limejaa chumba. Mlangoni alisimama msichana wa kope, askari na rundo la funguo, na binti yangu amevaa koti juu ya nguo ya kulalia.

"Mami! Uko hai!"

"Ulitaka niwe nini?"

Msichana wa kope alikuwa karibu kulia. "Hukushuka kwa chai, shosho. Wazee huwa wa kwanza. Nikagonga saa mbili, kimya. Simu yako imezimwa. Nikafikiria..."

"Ulifikiria nimekufa. Nilikuwa nimelala."

"Mpaka saa tatu?" binti yangu akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza umeiba nini.

Aliingia akakaa kitandani juu ya makombo yangu. "Mami, hii ni aibu gani? Una watoto sita, unalala lojingi? Ungesema, mtu angekusindikiza."

"Ndiyo maana sikusema."

"Haya, imetosha. Unaona mwenyewe huwezi kukaa peke yako. Chumba kimeshapakwa rangi. Leo tunapitia Waithaka tunachukua nguo."

"Pasaka haijafika."

"Pasaka ni kesho kutwa! Yaya ameondoka tangu Jumatatu, nimekosa kazini siku tatu, hata sasa nimewaachia jirani, wale watoto wataangaliwa na nani?"

Akasikia alichosema. Askari naye akasikia, maana aliziangalia funguo zake kama amezipata leo.

"Ahaa," nikasema. "Kumbe mimi ndiye mpweke."

Alilia. Sio machozi ya ujanja, nayajua hayo, ni mimi nilimzoesha. Alilia kama mtu ambaye hajalala. Na mimi nina moyo, wale mapacha nawapenda mpaka meno yananiuma, na nusura niseme haya twende. Neno lilifika kooni. Kisha nikaiona ile shuka iliyokunjika mahali nilipokuwa nimelala, usingizi mmoja, bila kugeuka.

"Sikiliza," nikamwambia. "Siji kukaa. Ile rangi mwekee yaya mpya, na umlipe vizuri, mimi sikulipwa vizuri. Alhamisi nitakuja kuona wajukuu wangu. Nitaingia geti la mbele, nitapewa chai, nitaaga, nitaenda kwangu. Huyo askari wako mwambie sura yangu."

"Na ukiugua usiku?"

"Nitakupigia. Si unaona namba yako ninaijua."

Alikuwa amekasirika, na bado amekasirika kidogo mpaka leo, haidhuru. Nikafunga kitambaa, tukashuka pamoja, kwa sababu chai yangu nilikuwa nimeshailipia na sikuwa tayari kuwaachia. Mhudumu wa asubuhi akaja na kitambaa chake begani.

"Karibuni. Mko wangapi?"

"Mmoja," nikasema. Nikamwonyesha binti yangu. "Na huyu pia mmoja. Tupe meza mbili."

"Mami, wacha mchezo."

"Kaa pale. Mimi nitakaa hapa dirishani."

Nilidhani ataondoka. Lakini njaa ilikuwa imemshika, akakaa. Simu yake ikalia, akaitazama, ikalia tena, akaigeuza kifudifudi mezani. Nikaletewa strungi yangu. Kisha mhudumu akamwendea.

"Madam, unakunywa nini?"

Mwanamke wa ofisi kubwa, mwenye geti na askari. Aligeuka akaniangalia, nimjibie.

Nikaangalia dirishani.