Kipepeo wa Chumbani Kwake

Mpaka leo nikishika kamera, kiuno changu kinasubiri mkono. Siyo utani. Nikiinama tu nahisi vidole nyuma, vinakamata mkanda wa jinzi yangu, vinavuta kidogo. Nikigeuka, hakuna mtu.

Rafiki yangu ndiye alikuwa ananishika hivyo. Tulikuwa tunapiga picha za vipepeo juu ya paa la kwao, Kariakoo. Chini kuna duka la vitambaa la mama yake, juu wanaishi wao. Mtu akisikia vipepeo Kariakoo anacheka. "Kipepeo gani huko? Labda mfuko wa nailoni!" Nimegombana na wengi wa aina hiyo. Hawajui kwamba mama yake ana mndimu kwenye ndoo ya rangi, pale ukingoni mwa paa, na kuna kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano ambaye haoni soko wala mikokoteni. Anaona majani ya ndimu, basi, anakuja kutaga.

Lenzi ya maana hatukuwa nayo. Tulikuwa na ile ya kawaida inayokuja na kamera kwenye boksi. Hakuna aliyetufundisha, tulihangaika wenyewe mpaka tukajua kwamba ukiichomoa, ukaigeuza nyuma ikawa mbele, ukaibana kwa mkono pale pale kwenye kamera, kitu kidogo kinakuwa kikubwa mpaka unaogopa. Shida ni kwamba ukiigeuza, tundu lake linajifunga, unachungulia giza tupu. Tena huwezi kuzungusha lenzi ili picha itulie. Unasogea wewe mwenyewe, mbele, nyuma, pole pole. Ukipumua tu, jicho la kipepeo limepotea. Ndiyo maana mmoja anapiga, mwenzake anamshika mkanda, kwa sababu ukuta wa paa lile unaishia magotini.

Kuna siku alikuwa ametoka kuosha nywele, anazikausha kule juu kwa vile wanaume hawapandi. Akang'ang'ania kugeuza lenzi yeye. Upepo ukapiga.

"We, nywele zako hizo! Funika kamera!"

"Punguza mdomo," akaniambia, "unawafukuza vipepeo."

Tangu siku ile kila picha ya lenzi iliyogeuzwa ina mstari mwembamba umejikunja kona ya juu. Unywele wake uliingia ndani ya kamera. Nilimfokea sana. Nikamwambia twende kwa fundi mtaa wa Msimbazi akautoe. Akanicheka.

"Hiyo ndiyo sahihi yangu, shosti. Wewe huna."

Halafu akaugua homa. Hata hatujazoea kwamba anaumwa, tukawa tumeshamzika.

Kamera ilibaki kwangu na sikuigusa. Mpaka asubuhi moja mama yake akanipigia simu, anaongea chini chini kama mtu anayejificha nyumbani kwake.

"Mwanangu, kuna kipepeo anaingia chumbani kwa mwenzio. Kila asubuhi anakaa kwenye pazia, upande wa kitanda. Njoo na ile kamera. Nataka kumwona uso."

"Uso, mama?"

"Si mlikuwa mnanionyesha mpaka macho yao? Mimi sioni vizuri. Kama ni yeye, nitamjua."

Nilikuwa na jibu. Mama, ni mndimu unaomvuta, dirisha la chumba kile liko chini yake pale. Najua kabisa. Lakini sikulisema, kwa sababu na mimi nilitaka kuona.

Dukani nikamkuta mjomba wake rafiki yangu, anakunja vitenge.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hiyo kamera ya nini?"

"Mama ameniita."

"Sitaki ushirikina hapa. Mtoto yuko kwa Mola wake, hawi mdudu. Wewe badala ya kumwombea dua unamvuruga mama wa watu."

Damu ikanipanda. "Dua namwombea, mjomba. Na mama akiniita nakuja, hata ukae hapo mlangoni na rungu."

Akaniangalia. Akapisha.

Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Baibui lake liko msumarini. Mama kafukiza udi, na kelele za soko zinafika mle ndani kama zimechoka. Kipepeo yupo kweli, kwenye pazia, bawa moja limechanika. Mama akabaki mlangoni.

Nikageuza lenzi. Nikasogea mbele, nyuma, kila picha ukungu. Mle ndani hakuna pa kuanguka, lakini kiuno kinasubiri tu. Nikajiambia, acha ujinga. Nikasogea tena.

Mkono ukanikamata mkanda. Ukavuta kidogo.

Nikaacha kupumua. Nikapiga.

Nilipogeuka, mama alikuwa bado mlangoni, mikono yote miwili ndani ya khanga.

Tukakaa kitandani, nikamkuzia picha. Jicho kubwa la kahawia, manyoya usoni, ule mrija wa kunyonyea umejikunja. Mama akatazama mpaka nikasikia shingo inauma.

"Siye," akasema. "Huyu ananitazama kama mteja."

Nilidhani nitashusha pumzi. Wapi! Nilijiona kama narudi makaburini upya. Mama akaendelea kushika kamera, kidole chake kikapanda kona ya juu.

"Na hiki?"

"Unywele, mama. Wa kwake. Uliingia siku tunageuza lenzi kule juu."

Akapangusa kioo kwa ncha ya khanga. Mstari haukutoka. Akapangusa tena.

"Uko humu ndani?"

"Humo humo."

Akailaza kamera mapajani, akaifunika kwa khanga. Kipepeo akatoka dirishani, na hakuna aliyemtazama.

"Fundi asiuguse," akasema.

"Atakayeugusa atanikuta mimi, mama."

Siku hizi nikipata picha mpya nampelekea. Watu wengine wananiambia kamera yangu chafu, nikasafishe, na tunagombana hapo hapo. Mama hasemi hivyo. Yeye hata kipepeo hamwangalii. Macho yake yanaenda moja kwa moja kona ya juu, yanatulia hapo.