Kasoro Moja kwa Kila Safari

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa maswali yasiyohusu kazi. Ilikuwa Kigali, mwaka 1990, majuma machache kabla vita havijaanza kule mpakani. Nilikuwa mwalimu wa hisabati niliyehamishiwa wizarani, nimevaa koti la kuazima kwa shemeji yangu. Mkurugenzi wa Kwanza alikuwa akizungumza Kifaransa na katibu wake. Aliponiona akakiacha, akanisemesha Kiswahili. (Nitawaita wakuu wangu kwa vyeo vyao, majina yao niyaache yalipo.)

"Wewe iko mtu ya Biryogo?"

"Ndiyo, Bwana Diregiteri."

"Baba yako alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa fundi cherehani."

"Na watu walikuwa wanakuja kupiga story kwake, walikuwa wanatoka wapi?"

Ninyi mnaoanza kazi leo hamtaona ubaya hapo. Siku zile Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya madereva, ya kambi za jeshi na ya sisi Waislamu wa mtaa wa Biryogo. Msomi alisemeshwa Kifaransa. Mkuu yule alitaka nijue kwamba ameshaniweka kwenye fungu langu, na nilijua.

Ofisi yetu ilikuwa kurugenzi ndogo ndani ya wizara, yenye kazi ya kusimamia vyuo vya juu. Kazi zilikuwa mbili kubwa. Ya kwanza ni ithibati, yaani kuchunguza kama chuo kina walimu, maabara na vitabu vya kutosha kuruhusiwa kutoa shahada. Ya pili ni ulinganifu wa vyeti: mtu amesoma nje, anarudi na karatasi yake, nasi tunaamua inalingana na nini hapa kwetu. Vyuo vyenyewe vilihesabika kwa vidole, na wakuu wake karibu wote walikuwa mapadri au jamaa za wakubwa. Mkaguzi alipokelewa kwa heshima, akapewa chakula, akaonyeshwa kile walichotaka akione.

Lakini kazi yenyewe haikuwa kukagua vyuo peke yake. Kwa utaratibu wa Mkurugenzi wa Kwanza, mkaguzi hakusafiri bila mwenzake. Mlikwenda wawili, gari moja, na ripoti ya chuo mkaiandika pamoja. Mkirudi, kabla hata hujakung'uta vumbi la safari, uliitwa peke yako, mlango ukafungwa, ukaulizwa: mwenzako alisema nini njiani? Alimsalimia nani? Hakuna kilichoandikwa. Ukitoka wewe, anaingia yeye. Wafanyakazi wenzetu Wakatoliki waliita jambo hilo penitensiya, yaani kuungama, ila kwetu uliungama dhambi za mtu mwingine.

Mwenzangu alikuwa Gaspard, mtu wa kemia, mkazi wa Gikondo, mcheshi wa sauti ya chini. Wakati ule kabila liliandikwa kwenye kitambulisho cha kila raia, na ofisini kwetu watu walijua kitambulisho chako kinasemaje kabla hawajajua una watoto au huna. Cha Gaspard kilisema Mtutsi. Changu kilisema Muhutu, lakini kwa Mkurugenzi hilo halikunisafisha, kwa kuwa watu wa Biryogo tulidhaniwa tumechanganyika kupita kiasi. Sasa naona alitupanga pamoja kwa makusudi, wawili asiowaamini, ili tumalizane wenyewe.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa kusini, kwenye chuo cha ualimu. Vita vilikuwa vimeanza na vizuizi vya barabarani vilikuwa vingi. Tulirudi salama, na kila mmoja wetu, bila kuambiana, akaingia mle ndani kumsifu mwenzake. Mimi nilisema Gaspard ni mtu safi, hana neno. Naye alisema hivyohivyo juu yangu. Mkurugenzi alituita wote wawili tena.

"Mumepangana," alisema. "Mtu hana hata kasoro moja, huyo mimi simwamini. Na yule anamsifu, huyo simwamini mara mbili."

Tulishushwa kwenye safari kwa muda, tukawa tunapanga viti vya mikutano. Watu waliacha kukaa nasi wakati wa chai. Hapo ndipo Gaspard alipopata wazo lililotuweka mjini miaka ile yote. Safari iliyofuata, tukiwa njiani kurudi, alimwomba dereva asimame Gitarama tule brosheti, mishikaki ya mbuzi. Dereva alibaki na gari. Tulikaa pembeni kabisa, yeye na bia yake, mimi na Fanta, akaniambia:

"Sadi, sha, huyu mzee anataka kasoro. Tumupe kasoro. Lakini tuchague wenyewe."

"Kasoro gani?"

"Kasoro haiuwi mutu. Mimi niseme wewe iko mlafi. Kule kwa mapadri ulikula sahani mbili ya maharage na isombe, na ukauliza kama iko ingine."

"Nilikula sahani moja."

"Ndiyo maana nasema tuchague. Na wewe sema mimi nasinzia. Padri akianza kusoma hotuba, Gaspard macho yanafunga."

Tukafanya hivyo. Mkurugenzi alinisikiliza kuhusu usingizi wa Gaspard akaridhika kabisa, hata akacheka. Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu: kila safari tunasimama Gitarama na kuipamba kasoro ya kila mmoja. Mara nimeomba kuku wa kufungiwa nyumbani, mara yeye amekoroma kanisani. Tuliwekwa pamoja ili tuviziane, na kwa ajili hiyohiyo kila mmoja alilazimika kujua neno kwa neno mwenzake atasema nini ndani ya chumba kile. Sikuwa na mtu mwingine mjini niliyemjua namna hiyo, hata mke wangu.

Vyama vingi vilipokuja, wizara ziligawanywa kama nyama ya sikukuu. Kurugenzi yetu ilibadilishwa jina, ikapewa muhuri mpya na Mkurugenzi wa Pili, mtu wa chama aliyekuja na dereva wake, katibu wake na hata mpishi wake wa chai. Watu wakaanza kuomba vibali vya vyuo binafsi, na kila ombi lilitazamwa kwanza ni la chama gani. Vigezo vya ithibati vilibaki kwenye kabati. Penitensiya ndiyo ilibaki hai.

Huyu wa pili hakucheka. Nilipomrudia na habari za usingizi safari baada ya safari, alisukuma kikombe chake pembeni.

"Usingizi tena? Kila safari huyu mtu analala tu?"

"Ndiyo, Bwana Diregiteri. Ni maumbile."

"Na wewe, anasema unakula. Mmoja analala, mmoja anakula. Nyinyi mnakagua saa ngapi?"

Kuanzia hapo nilihisi kila kitu kina sikio: mfagizi aliyechelewa kuondoka, simu iliyokatika nikishika tu. Huenda nusu ya niliyoyahofia hayakuwepo. Nusu nyingine ilikuwepo.

Mwanzoni mwa 1994 niliitwa tena, ilhali hatukuwa tumesafiri popote. Mkurugenzi wa Pili hakuuliza mwenzangu alisema nini. Aliuliza Gaspard analala nyumba ipi kule Gikondo, ana majirani gani, na mlango wake unaelekea upande gani.

"Sijui," nilisema. "Mimi wa Biryogo, yeye wa Gikondo. Tunaonana garini."

"Utajua," alisema. "Wiki ijayo munakwenda kusini. Utanijulisha."

Jumapili mchana nilikwenda Gikondo. Nilimkuta Gaspard kwenye gereji moja, amekaa juu ya tairi, anasubiri pikipiki yake iwekwe kebo mpya. Nilimvuta pembeni, nikamwambia yote, nikamwambia asilale kwake na asiende safari ile. Nilitegemea anishike mkono. Alinikazia macho kama mtu aliyekutana nami mara ya kwanza siku hiyo.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Diregiteri amekutuma uone kama nitakimbia. Nikikimbia, watasema: munaona, alikuwa icyitso." Icyitso ni msaliti anayemsaidia adui kutoka ndani, neno hilo lilitosha kumpoteza mtu.

"Gaspard, ni mimi."

"Ndiyo, ni wewe. Wewe unakwenda penitensiya, mimi pia. Mimi siendi popote. Umesikia? Uwaambie Gaspard amekataa."

Alisema hayo kwa sauti ya juu, fundi wa pikipiki akageuka. Niliona aibu, na niliona hasira. Nilirudi kwa miguu mpaka Biryogo nikijiambia kwamba miaka yote ile ya Gitarama ilikuwa bure, kwamba hata brosheti zile tulizila kila mmoja na mashaka yake.

Jumatatu alikuja kazini, akanisalimia kwa Kifaransa kama mgeni. Jumatano pia alikuja. Alhamisi kiti chake kilikuwa kitupu. Hakuna aliyeuliza, maana katika ofisi ile aliyeuliza ndiye aliyetakiwa kujibu. Mkurugenzi wa Pili aliniita, nami nikamwambia ukweli mtupu: nilimsikia kwa masikio yangu akisema haendi popote, na fundi wa gereji alisikia pia. Nadhani alimtuma mtu kwa huyo fundi, kwa sababu hakuniita tena.

Kisha ukaja Aprili, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Miezi ile siiandiki hapa. Haya ni maelezo ya kazi, na kazi haikuwepo. Niseme tu kwamba kwetu Biryogo tulificha tulioweza kuwaficha, hawakuwa wengi vya kutosha, na kwamba kila siku nilimhesabu Gaspard miongoni mwa waliokufa.

Ofisi ilifunguliwa tena baada ya Julai, katika vyumba visivyo na vioo. Mkurugenzi wa Tatu alikuwa amekulia Uganda, akisema Kiingereza. Katibu wake, Konsolata, alitoka Tanzania na kuniamkia "shikamoo" kila asubuhi. Waliorudi kutoka Burundi walisema Kifaransa na Kirundi. Watu walifurika kutafuta ulinganifu wa vyeti vya nchi nne, na wengine hawakuwa na cheti chochote, kimeungua pamoja na nyumba. Kile Kiswahili nilichosemeshwa kwa dharau siku ya kwanza ndicho kilichobaki katikati yetu. Nikawa mkalimani wa jopo lililosikiliza waombaji.

Walitumia mdomo wangu, lakini hawakuniamini. Konsolata alikaa pembeni yangu kuhakikisha sipindishi neno. Sikumlaumu. Nilikuwa mtu wa ofisi ya zamani, kitambulisho changu kilisema Muhutu, na nilikuwa hai. Mkurugenzi wa Tatu aliniuliza siku ya kwanza tu:

"Mzee, uliweza namna gani kubaki? Wenzako wa hapa wengine wamekufa, wengine wamekimbia na damu kwa mikono. Wewe uko kundi gani? Nani anakujua?"

Nilimtaja Gaspard. Nilitaja jina la mtu niliyeamini amekufa, na ambaye, kama hakufa, aliniona mtego. Waliandika jina lake wakaahidi kuuliza. Mfanyakazi mmoja wa ghorofa ya chini alikuwa ameshachukuliwa akatoe maelezo, hajarudi. Nilimwambia mke wangu akae tayari.

Asubuhi moja niliitwa. Mlango ukafungwa nyuma yangu. Nilikuwa nimeingia vyumba vya namna hiyo mara nyingi, na huyu mkuu alikaa vilevile walivyokaa wale wawili.

"Huyu Gaspard wako amepatikana. Alikuwa Bukavu. Amefika jana, tumeongea naye hapahapa."

Nilivuta kiti nikakaa bila kukaribishwa.

"Nilimwambia: huyu mtu ulifanya naye kazi miaka yote. Usimfiche. Nipatie mabaya yake yote, hata ile dogo." Aliniangalia. "Akafikiri sana. Akasema, uko mlafi."

Niliinamisha kichwa juu ya meza ya watu nikalia.

"Nilimuuliza mara ya pili, akasema mlafi. Eti unakula maharage sahani mbili kwa mapadri. Sasa mzee, unalia nini? Hiyo si kosa."

Gaspard alirudi kwenye meza iliyotazamana na yangu. Alikuwa amepoteza dada zake wote wawili. Tulipata nafasi ya kuzungumza baada ya muda mrefu, na nilimuuliza kwa nini hakuniamini pale gereji.

"Nilikuamini," alisema. "Usiku wa Jumatano nilikuwa njiani. Lakini nilijua watakuuliza. Ulikuwa lazima useme kweli, na fundi aseme kweli. Ningekushika mkono, wangekuona usoni."

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi. Linaingia vizuri mno, na mimi nimefundishwa kutoamini kinachoingia vizuri mno. Huenda ni kweli. Huenda alinishuku kweli, kisha huko Bukavu akatafakari, akaona anihifadhie heshima yangu. Sikumuuliza tena.

Kurugenzi ikawa baraza, baraza likawa na jengo, kompyuta na wakaguzi wengi vijana. Vyuo binafsi siku hizi ni vingi kuliko tulivyowahi kuota, na vigezo vimetoka kabatini. Mna kitu mnakiita tathmini ya wenza: wakaguzi wanakwenda wawili, wakirudi kila mmoja anampima mwenzake. Mnasema ni utaratibu mpya wa kimataifa. Mimi niliposikia nilitazama mlango kama umefungwa.

Siku ya kuniaga walipika vizuri. Gaspard, aliyestaafu kabla yangu na kujenga Kinyinya, aliletwa na mwanawe akakalishwa mstari wa mbele. Nilikwenda kuchukua sahani ya pili ya isombe, ingawa nilikuwa nimeshiba, nikageuka kumtazama. Mkurugenzi Mkuu alikuwa anaanza hotuba yake. Gaspard alikuwa ameshafumba macho, kichwa kimeangukia kifuani, na mpaka leo sijui kama usingizi ule ulikuwa wa kweli.