Hendeli tuliyoizeesha Tunduma, na siku bibi alipoishika

Wakuu, heshima zenu. Nimemaliza chai, nimetulia, na sina sababu ya kutunga. Haya niliyashuhudia kwa macho yangu Tunduma, kabla Songwe haijawa mkoa.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Baada ya form four nilikaa Itaka kwenye kahawa, nikachimba dhahabu Galula, joto la Kamsamba likanishinda. Tunduma ndipo nilipodumu, kwenye karakana ya fundi Sichone.

Kazi yetu ilikuwa kuzeesha vitu vipya. Wenye lodge walitaka mabomba na hendeli za milango zenye sura ya zamani, na madukani zilijaa zile zinazong'aa, ndani zinki nyeupe, juu ngozi nyembamba ya shaba.

Tunatoa vanishi kwa thinner. Kisha tunazifungia kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na mayai ya kuchemsha yaliyopondwa. Cheka tu, lakini ile hewa ya mayai inaigeuza shaba kuwa kahawia, ukiichelewesha inakuwa nyeusi.

Halafu unasugua kwa stilwaya sehemu zilizoinuka. Polepole, maana ukizidisha zinki inachungulia na kazi imeharibika. Mwisho nta ya nyuki. Ile harufu ya mayai na nta naimiss mpaka leo, sijui kwa nini.

Sasa, siku moja akaja Mama Tumaini, mjane aliyekuwa anauza mchele. Mumewe, Lackson, alikuwa amefariki. Mama huyo alikuwa amemaliza kujenga nyumba na alitaka kumhamishia kwake mama mkwe, aliyekuwa anaishi peke yake ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia. Bibi macho yalishakwisha.

Bibi alikuwa amekataa kuhama muda mrefu. Safari hii alikubali kwa sharti moja, hendeli ya mlango wake ije naye. "Nikiishika nitajua nimefika kwangu."

Hendeli hiyo marehemu mume wa bibi alikuja nayo kutoka migodi ya shaba ya Kitwe. Shaba tupu, ndivyo ukoo wote ulivyojua. Mama Tumaini alituletea hiyo kama mfano, tuzeeshe hendeli za vyumbani zifanane nayo.

Fundi akaigeuza, akaikwaruza nyuma kwa tupa, kama tulivyofanya kwa kila kitu kilicholetwa.

Pakatoka peupe.

Kisha akasema, "Mama, hii siyo ya Kitwe. Hii nimeitengeneza mimi."

Nilidhani anatania. Akaeleza kwamba wakati wanunuzi wa vyuma chakavu walipojaa mpakani, wezi waling'oa hendeli ya bibi akiwa msibani. Lackson akaja mbio, akamwelekeza umbo lake, akamsimamia mpaka ikaisha. "Aliniomba mama yake asijue."

Mama Tumaini akakaa juu ya ndoo. "Nimelala na huyu mwanaume miaka yote, hajaniambia. Sasa bibi akijua si atarudi Nakonde leo leo?"

"Bibi haoni," nikasema.

"Shemeji zangu wanaona."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Pale kidole gumba kinapokaa, shaba ilishalika, kidoa cheupe kinaonekana ukiangalia vizuri. Mayai hayashiki kwenye zinki, kwa hiyo fundi akachanganya masizi na nta, akapaziba. Hata mimi nilishindwa kupaona.

Siku ya kuhamia tulikuwepo, tunakaza skrubu za mwisho. Bibi akashuka kwenye gari, shemeji wawili wamebeba mabegi.

"Karibu kwako, bamayo," akasema Mama Tumaini. Ndivyo wanavyomwita mama kule.

Bibi akapapasa mlango, akaipata hendeli. Kidole gumba kikaenda, kikasimama.

"Hii siyo yangu."

Fundi alijifanya anatafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

"Ndiyo yenyewe, bamayo. Tumeitoa mlangoni kwako."

"Hapa mmepaka nini?"

Hakungoja jibu. Akashika ncha ya kitenge, akatema mate, akasugua. Akasugua tena. Masizi yakatoka, kidoa cheupe kikatokea mbele ya ukoo mzima. Kidole kikarudi mahali pake, kikatulia.

"Haya. Hii ndiyo ya Lackson."

Shemeji mmoja akasema, "Ya baba, mama."

"Ya baba yenu iliibiwa. Ile ilikuwa nzito, asubuhi baridi yake inafika kwenye kiwiko. Mnadhani asiyeona hana mkono? Mwanangu alihangaika, nikamwacha aamini kanidanganya. Sasa yeye hayupo, nimebaki na hii." Akageuza uso. "Aliyeitengeneza yuko hapa?"

"Nipo, mama," fundi akajibu kwa sauti ndogo.

"Kazi yako nyepesi, baba."

Watu wakacheka, Mama Tumaini akicheka huku analia. Bibi akafungua mlango mwenyewe, akaingia.

Mimi nilibaki nje na kopo la nta, nimeduwaa. Tulijisifu kwamba tunajua kuzeesha, kumbe kitu pekee kilichozeeka kweli kwenye ile hendeli ndicho tulichokwenda kukiziba.

Nilichojifunza: ukiletewa kitu cha zamani ukirekebishe, kabla ya kugusa uliza kwanza nani alikuwa anakishika, na wapi. Nikihamia chumba kipya, na nimehamia vingi, huwa naangalia hendeli pale gumba linapokaa.

Kuna mwenye mzazi aliyejifanya hajui kumbe anajua siku zote? Leteni visa vyenu, nipo hapa nasoma.